Umekula Nini

Zuhura alifariki Jumatano asubuhi, na habari ilinikuta uwanjani na filimbi shingoni, nikiwauliza watoto wa watu wamekula nini. Ndivyo ninavyoanza mazoezi kila siku, na wanafunzi wangu wananicheka kwa hilo, nikipita korido ya shule nasikia "Madam Umekula huyo anakuja." Wacheke tu. Hakuna anayenyanyua kitu kizito mbele yangu kabla hajanitajia chakula chake cha siku, na akisema amekunywa chai nitamuuliza chai na nini, maana chai peke yake ni maji ya moto. Swali lenyewe si langu. Nimelichukua kwa mtu ambaye nilimharibia jina nikiwa na miaka kumi na sita, na nimekuwa nikiliuliza miaka thelathini sasa bila kumwambia mtu nimelitoa wapi. Basi simu ikaita, na alikuwa binti wa Zuhura. "Mama mkubwa," akasema, "mama ametutoka. Presha. Tunamzika leo baada ya alasiri." Nikakaa palepale kwenye saruji, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nikalia mbele ya wanafunzi kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Nyumba ya msiba ilikuwa ileile ya Magomeni tuliyokulia, vyumba sita, korido katikati, uani jikoni na bafu. Kwetu tulikuwa chumba cha pili kushoto na kwao Zuhura cha tatu, na ukuta uliotutenga haukufika juu. Uliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na hapo juu ilikuwa wazi chini ya bati moja. Yaani wao wakipika dagaa sisi tunapiga chafya. Tulijua nani kagombana na nani, nani kaota nini. Mama yake aliamka daku na sisi Wakristo tukaamka naye bila kutaka, na Krismasi harufu ya pilau letu iliruka ukuta kabla sahani yao haijafika. Jumatano hiyo niliingia chumba cha tatu nikakuta wanawake wameketi mkekani, na ukuta sasa umejengwa mpaka juu na kupigwa rangi ya maziwa. Nikakaa chini, mgongo ukutani. Kila mtu aliyeingia alisema neno zuri juu ya marehemu: mkono wake wa kushona, ulimi wake mtamu. Mama mmoja akasema, "Na lile goti lake, maskini, tangu yule kocha alivyomfanyia." Wenzake wakaitikia kwa masikitiko. Mimi nikatazama miguu yangu, kama nilivyozoea.

Yule kocha alikuwa kuli. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe alianza nalo siku aliposimama pembeni ya uwanja wetu wa saruji wa mpira wa kikapu kule Kariakoo, tukiwa tumefungwa vibaya na wasichana wa timu nyingine. "Mimi Beno, nabeba marobota ya mitumba Mchikichini," akasema. "Mpira mnaujua. Lakini mkiguswa kidogo mnadondoka kama nguo kwenye kamba. Njooni ghalani niwape miguu." Mwalimu wetu wa mpira alicheka, sisi tukacheka zaidi. Lakini Zuhura hakucheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na siku hiyo alikuwa ameangushwa mara nne. "Mimi naenda," akaniambia njiani. "Wewe Skola baki na urembo wako." Kesho yake tulikuwa ghalani wote wawili, na ndani ya mwezi tulikuwa wasichana wanane.

Hilo ghala nikifumba macho naliona. Marobota yamepangwa mpaka dari, harufu ya dawa ya nondo inakukaa kooni, joto, na mwanga unaingia kwenye matundu ya bati. Mwenye ghala, mzee wa Kihindi asiyependa kelele, alimwachia Beno kona moja saa za jioni kwa sharti kwamba hatutagusa mali. Vyuma tulitengeneza wenyewe. Bomba la maji, na kila ncha kopo la rangi lililojazwa zege. Viroba tulivijaza mchanga wa Jangwani, ule ambao mafuriko huuacha njiani maji yakikauka, tukaubeba vichwani huku watu wakituuliza tunajenga nyumba ya nani. Tuliruka juu ya robota moja, kisha mawili. Tulikaa ukutani bila kiti, magoti yamekunjwa, mapaja yanatetemeka, na Beno ameshika kikombe cha chai anakunywa polepole makusudi; mpaka chai iishe ndipo unainuka. Weee, yule bwana alijua kunywa chai! "Miguu ndiyo inabeba," alikuwa akisema, "mgongo unasindikiza tu." Na hakutugusa hata siku moja. Akitaka kujua kama mgongo umenyooka, alimpa msichana mwingine mpini wa fagio auegemeze mgongoni mwa mwenzake, yeye akasimama mbali akitazama. "Hawa ni watoto wa watu," alimwambia kuli mwenzake aliyekuja kuchungulia, nami nikasikia. "Ukiaminiwa mtoto wa mtu, mikono yako iwe nyuma."

Kabla ya yote hayo lilikuwepo lile swali. Tulipanga mstari, akapita mmoja mmoja: "Umekula nini?" Ugali na mchicha. Mihogo ya kukaanga na kachumbari. Wali wa jana. Aliyeona aibu kusema hakula alijulikana kwa kuchelewa kujibu, na huyo alipelekwa nyuma ya marobota ambako kulikuwa na sufuria la uji wa ulezi na karanga, akanywa kimya, akarudi. Aliyejitia kusema uongo Beno alimwonya. "Kwetu Masasi ng'ombe halimi na njaa. Nitakupaje wewe mzigo?" Alikuwa ameshuhudia kuli mwenzake akianguka na robota mgongoni kwa sababu alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake, na mtu huyo hakuinuka tena vizuri. Hiyo ndiyo sheria yake pekee. Mengine yote alikuwa radhi tuyabishie.

Zuhura akageuka mtu mwingine. Mapaja yalijaa, akawa akisukumwa hasogei, na akiruka unaona viganja vyake vinapita pale ambapo vya wengine vinaishia. Mwaka huo ilikuja taarifa kwamba shule moja ya binafsi ingechukua wasichana wawili wa timu yetu, wasome bure mpaka kidato cha sita, na watu wa shule hiyo wangekuja kututazama wiki moja baada ya Idi. Kila mtu alijua wawili hao ni nani. Kisha Zuhura akaugua malaria, akalala wiki tatu, akarudi miguu imenywea, na kabla hajapata nguvu mwezi ukaandama. Beno alikuwa na utaratibu wake wa Ramadhani: aliyefunga atanyoosha viungo na kucheza na mpira kidogo, lakini chuma na kiroba hagusi mpaka Idi. Zuhura alimsihi. "Kocha, nitachelewa." Beno akakataa. "Shule nyingine zitakuja. Miguu ukiivunja hainunuliwi."

Hapa ndipo pangu. Tulikuwa uani tunaosha vyombo, jua la saa nane, Zuhura midomo imemkauka kwa swaumu, analia kimyakimya huku anasugua sufuria kwa majivu. Mimi nikaona nina akili. Nimekulia nyumba moja na Waislamu, mambo yao nayajua kama sala zangu.

"Mwambie una udhuru," nikasema.

"Wa nini?"

"Wa kike. Si mnapokuwa kwenye siku zenu hamfungi? Kocha mwanaume. Hataendelea kuuliza, ataona haya."

Zuhura akaacha kusugua. "Skola, hiyo ni swaumu yangu. Siwezi kuidanganyia."

"Kwani utakula? Hutakula. Unafunga swaumu yako, Mungu anaona. Unamdanganya Beno tu, siku nne tano. Nami nitasema tumekula pamoja."

Akachota majivu, akarudi kusugua. Alikuwa mtu asiyejua uongo, ndiyo maana ilibidi nimfundishe. "Basi wewe ndiye useme chakula," akasema. "Mimi ulimi utanikwama."

Siku ya kwanza ilipita. Zuhura aliinamisha kichwa akasema ana udhuru, na Beno, kama nilivyotabiri, aligeuka upande kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kumbe lina mtu. Lakini sheria yake hakuiacha. Alinigeukia mimi. "Skola, mmekula nini?" Nikamjibu bila kupepesa: "Chapati mbili mbili na maharage, Kocha, kwa mama lishe pale nje." Chapati kweli zilinunuliwa, nne. Nilizila zote mimi, nimesimama nyuma ya kibanda, Zuhura akinishikia mfuko. Siku ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Siku ya nne joto lilikuwa kali, saa kumi na moja kasoro, na Zuhura alikuwa na kiroba mabegani, anashuka na kupanda, mwenzetu mmoja ameshika mpini wa fagio mgongoni mwake. Nilikuwa nahesabu. Tukafika saba. Alivyoshuka ya nane niliona macho yake hayatazami kitu. Alianguka upande wa kulia na kiroba chote cha mchanga, mguu ukabaki chini yake umepinda kwa namna ambayo mguu haupindi. Beno aliruka, mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona akimgusa mmoja wetu, akakitupa kiroba kama mto, akampakata. "Leteni maji!" Akamwekea kikombe mdomoni. Zuhura, akiwa katika hali ile, akafumba midomo na kugeuza uso. Sijui kama Beno alielewa wakati huo. Mimi nilielewa, na nikanyamaza.

Hospitali walisema kano za goti zimekatika. Siku mbili baadaye, baada ya futari, nilikuwa kitandani kwetu nikiwasikia wazee upande wa pili wa ukuta, vijiko vikigonga bakuli za uji wa pilipili manga. Baba mdogo wa Zuhura, Mzee Shomari, ndiye aliyekuwa akiongea, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelea watoto wa kaka yake kwa jasho lake. "Mtoto kafunga, kabebeshwa mzigo wa makuli," alisema. "Kama alilazimishwa, kocha ana kesi na sisi. Kama binti mwenyewe alisema uongo juu ya swaumu yake, na juu ya mambo ya ndani, mbele ya mwanaume, basi hiyo aibu ni yetu na tutaimeza wenyewe." Mama yake Zuhura akalia. "Zuhura hasemi kitu, kageukia ukutani tu." Mzee Shomari akashusha pumzi. "Yupo yule Skola. Kesho tutamuuliza. Mtoto wa Kanisani, hana sababu ya kutupendelea." Nikajifunika shuka mpaka kichwani, na joto lile.

Kesho yake barazani alikuwepo Mzee Shomari, mjumbe wa mtaa, na Kocha Beno amesimama, kofia mkononi, shati alilofua kwa ajili ya siku hiyo. Alieleza kwa ufupi. "Niliuliza, wazee wangu. Kila siku nauliza. Nikaambiwa binti ana udhuru na amekula. Skola alikuwepo." Wote wakanigeukia. Mzee Shomari akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ulimsikia Zuhura akimwambia kocha kwamba hakufunga?"

Nikasema, "Sijui."

"Hujui, au hukusikia?"

"Sikusikia."

Beno hakubisha. Alisema tu jina langu, "Skola," kama unavyomwita mtu anayetaka kuvuka barabara bila kutazama. Miaka mingi nilijiambia kwamba nilimsitiri Zuhura. Uongo. Ningemsitiri Zuhura kwa kusema wazo lilikuwa langu. Nilikuwa najisitiri mimi, na ile nafasi ya shule ambayo sasa ilikuwa imebaki na msichana mmoja aliye na magoti mawili mazima. Beno aliambiwa asionekane tena karibu na wasichana wa watu. Mwenye ghala hakutaka ugomvi na majirani, akaifunga ile kona. Nilipita wiki iliyofuata nikaona makopo yetu ya zege yametupwa mtaroni. Baada ya Idi watu wa shule wakaja, wakanichukua.

Nilisoma, nikawa mwalimu wa michezo, nikalipwa mshahara kwa ujuzi aliobeba Beno kutoka Mchikichini. Zuhura alibaki Magomeni na cherehani, na mtaa, kwa ule utani wetu usio na huruma, ukamwita Zuhura Goti. Tuliendelea kuwa marafiki. Mtu wa nje hawezi kuamini, lakini tulipendana kweli. Kila Idi nilikuwa kwake, kila Krismasi alikuwa kwangu. Mara moja tu, miaka kama mitano iliyopita, tukinywa chai kitandani kwake, alisema, "Skola, yule Kocha. Nasikia bado yupo, anabeba mizigo na uzee wote ule. Mimi na wewe tungekwenda—" Nami nikadakia, "Hivi sukari umeweka?" Akanitazama. "Nimeweka," akasema, na hakurudia tena. Na mimi Mchikichini sikukanyaga. Nikitaka mitumba nilikwenda mpaka Tandika, mafuta na muda vyote hasara. Njia ya mwongo fupi, wanasema wahenga. Yangu imekuwa ndefu mno.

Jumatano hiyo, chakula kilipoanza kutoka, nilipewa sinia la wali nipeleke kwa wanaume barabarani chini ya turubai. Nilipofika mlangoni nilimwona. Alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara, juu ya tofali, peke yake. Nywele nyeupe tupu, vidole vimepinda kwa kamba za marobota, lakini mgongo ulikuwa uleule, umenyooka kama ameegemezewa mpini wa fagio. Hakuna aliyemwita aingie. Wanaomjua walimtambua, nadhani, na wasiomjua walimwona mzee fulani anapumzika. Nilimpa sinia kijana wa kwanza aliyepita, nikavuka.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba." Alinitazama mpaka akanipata. "Skola." Kisha, sijui kwa mazoea, sijui kwa kukosa neno lingine baada ya miaka yote hiyo, akaniuliza, "Umekula nini?"



"Sijala kitu, Kocha. Na siku ile Zuhura naye hakuwa amekula. Alikuwa amefunga. Udhuru ule niliutunga mimi, chapati nilizila mimi, na nilimsikia akikwambia, barazani nikasema sikusikia."

Bajaji ikapita, ikatupigia honi. "Mama yangu alikufa Masasi," akasema mwishowe, bila kuinua sauti, "akijua nimelemaza mtoto wa watu. Nilimwambia, mama, niliambiwa amekula. Akasema, mwanangu, mtu mzima huuliza. Na mimi niliuliza, Skola. Niliuliza."

"Nisamehe, Kocha."

"Hilo si la leo." Akanionyesha kwa kidevu upande wa turubai, alikokaa Mzee Shomari, mzee sasa wa miaka themanini na zaidi, mkongojo katikati ya magoti. "Mwenye baraza yupo pale."

Mwanamke haingii tu kwa wanaume msibani, wakanitazama wote nilivyokuja. Nilipiga goti mbele ya mzee, nikamwamkia, nikasema. Nilisema yote, na si kwa kunong'ona, maana hata lile "sijui" nililisema mbele za watu. Niliongeza kwamba Zuhura alitaka kusema na mimi ndiye niliyemkatiza. Mzee Shomari aligeuza uso akamtazama Beno ng'ambo ya barabara.

"Kwa hiyo aliuliza," akasema.

"Kila siku, Baba. Hakukosa hata siku moja."

"Na mimi nikamfukuza." Akajiinua kwa mkongojo, akakataa kushikwa, akavuka barabara kwa hatua zake ndogo. Sikusikia waliyoongea. Niliona Beno akisimama na kuvua kofia, na niliona mzee akimshika mkono na kukaa nao muda mrefu bila kuuachia.

Alasiri ilisaliwa, jeneza likatolewa. Wanaume wakasogea kulibeba, Beno naye, na mtu mmoja aliponong'ona kwamba huyu mzee si wa dini yetu, Mzee Shomari alijibu neno moja tu: "Mpisheni." Sisi wanawake tulibaki mlangoni, ndiyo desturi. Binti wa Zuhura alikuwa amenishika mkono. Alikuwa amesikia kila kitu, na bado alikuwa amenishika. Beno alikwenda pembe ya mbele kulia. Akavua kandambili. Akakunja magoti, akanyoosha mgongo, akanyanyua kwa miguu, taratibu, kama alivyotufundisha ghalani, akamweka Zuhura begani kwake bila kumtikisa hata kidogo.